Kukagua vyuo Dar kwa siku moja, na msosi juu

Wadau, msimu wa kuomba vyuo wengi tunaishia kuangalia picha kwenye tovuti. Mimi nasema nenda ukaone mwenyewe. Katikati ya Dar unamaliza vitatu kwa siku moja, bila mwenyeji.

Asubuhi panda mwendokasi, shuka kituo cha DIT. Chuo kiko hapo hapo. CBE, kilichoanza 1965, kiko barabara ya Bibi Titi, unaenda kwa mguu. Beba kitambulisho, getini ongea kwa heshima, kisha uliza ofisi ya udahili: sifa, ada, hosteli.

Mchana achana na mahoteli, kula wanapokula wanafunzi. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ni shilingi ngapi? Zidisha kwa siku za muhula. Hela hiyo haimo kwenye orodha ya ada, na ndiyo inayomtoa mtu jasho mwaka wa kwanza. Waulize na kodi ya chumba, hawafichi.

Kisha nenda IFM, mtaa wa Shaaban Robert. Mtaa huo huo kuna Makumbusho ya Taifa, utapata habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959. Jioni malizia Feri kwa samaki wa kukaanga, mwendokasi unaanzia Kivukoni hapo jirani.

Chuo chochote kile, kabla mzee hajauza ng'ombe hakikisha kimesajiliwa TCU au NACTVET. Jengo zuri siyo usajili.

Naomba kuwasilisha.