Kifandugu kinapomuuma mama mjamzito



Mwezi uliopita msichana mmoja wa darasa langu alikosa masomo siku nne mfululizo. Siku ya tano, baada ya vipindi, nikaenda kwao. Nilimkuta anarudi bombani na bidoni kichwani. Mama yake, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amelala kwenye mkeka, anajaribu kuinuka ili anikaribishe. Hakuweza. Alishika mti wa nyumba, akauma midomo, mwisho nikamwambia, "Mama, baki hivyo hivyo, mimi si mgeni." Akacheka kidogo. "Mwalimu, ni huku nyuma, chini kabisa. Hata kukaa siwezi. Lakini wanasema ni kawaida."

Wanasema ni kawaida. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na ndilo limenifanya niandike. Mtaniuliza mwalimu wa hesabu anajua nini juu ya mimba. Kweli, sijui mengi. Kwa hiyo nilikwenda kuketi na mkunga wa kituo chetu cha afya, nikamuuliza maswali mpaka akanichoka. Haya ni maneno yake, pamoja na niliyoyaona kwetu.

Wengi wenu mnakumbuka Januari 2018, maelfu ya watu walipokimbia Fizi na kuvuka ziwa Tanganyika. Wengine walishukia Rumonge, wengine Nyanza-Lac. Mtumbwi wetu ulituteremsha Minago, kule kati ya Bujumbura na Rumonge. Mama yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na usiku kucha alikuwa amekaa juu ya ubao mtupu. Kila wimbi lilipopiga, ubao ulimpiga mfupa wa nyuma. Tulipofika hakuweza kusimama wala kukaa, tukamshusha kama mzigo.

Pale ufukweni wanawake walikuwa wanaanika ndagala. Bibi mmoja mwenyeji alimtazama mama yangu, hakuuliza kitu. Akachimba kishimo kidogo kwenye mchanga kwa mikono yake, akatandika kitenge, akamkalisha mama mapaja yakiwa juu ya mchanga na ule mfupa ukiwa juu ya kishimo, haugusi chochote. Mama akashusha pumzi. Mimi nilidhani ni dawa za kienyeji! Kumbe ni akili tu. Nilipomsimulia mkunga alifurahi, akasema hospitali nyingine zina mito yenye tundu kwa kazi hiyo hiyo.

Mfupa wenyewe unaitwa kifandugu, ule mdogo wa mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Mimba inapokuwa kubwa, mwili unalegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Hiyo ni kazi nzuri, lakini viungo vilivyolegea vinacheza, na vikicheza vinauma. Tena tumbo linavuta mbele, mama anajipinda nyuma asianguke, kiuno kinabeba yote. Mwishoni kichwa cha mtoto kinashuka na kukandamiza hapo hapo. Kwa hiyo maumivu mengi ni ya kawaida kweli. Lakini kitu kuwa cha kawaida hakuna maana kwamba mama aachwe ateseke, si ndiyo?

Nyumbani hatuna mito yenye tundu, na mchanga wa Minago uko mbali. Kunja blanketi au vitenge viwili kama umbo la kwato, uwazi uwe upande wa nyuma, ukalie hivyo, ukiinama mbele kidogo. Usikae kitako chini muda mrefu kuchambua maharage. Kila baada ya robo saa inuka, tembea hatua chache, rudi.

Kulala ni kwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, na nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Miezi mitatu ya mwisho usilale chali: tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto anaweza kupungukiwa. Ukishtuka usiku ukakuta uko chali, usiogope, geuka tu. Na kuamka, hapa ndipo wengi wanajiumiza, usijivute mbele kwa nguvu za tumbo. Geuka ubavu kwanza, sukuma kwa mikono mpaka ukae, halafu piga goti moja, ndipo usimame. Nilimwonyesha mama wa mwanafunzi wangu. Safari ya pili aliinuka bila kushika mti.

Kuna na zoezi moja. Piga magoti, mikono chini kama mtoto anayetambaa, pandisha mgongo juu kama paka aliyekasirika, kisha urudishe uwe sawa, usiuache ubonyee. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Watoto watakucheka, waache. Kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya uvuguvugu kinasaidia pia, juu ya kiuno, si juu ya tumbo. Kitenge kilichofungwa chini ya tumbo kikazunguka nyonga hupunguza uzito, mradi kisibane. Na choo kigumu kinaongeza maumivu ya kifandugu, kwa hiyo maji ya kutosha, maharage, lengalenga, papai likipatikana.

Sasa wanaume, msiruke sehemu hii. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na chombo chenyewe juu yake. Hakuna zoezi la paka litakaloshinda kilo 20 kichwani mara tatu kwa siku. Akilazimika kubeba, abebe lita tano tano, moja kila mkono, na achuchumae wakati wa kuinua, asiiname. Lakini bora asibebe. Najua mtu akionekana foleni ya maji na bidoni wenzake wanamwambia amekaliwa na mke. Mimi nimepanga foleni hiyo, sikufa.

Kuhusu vidonge: parasetamoli inaruhusiwa kwa kipimo ulichopewa na muuguzi. Brufen na diklofenaki zinazouzwa sokoni moja moja, hapana, hasa baada ya wiki 20 za mimba. Zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto na kupunguza maji anamoogelea. Na wale wanaokanda tumbo kwa nguvu au kunywesha majani "ili mtoto ageuke", mkunga aliwakataa kabisa.

Nirudi kwenye lile neno kawaida. Nilipomuuliza mama yule vizuri, mbele ya dada yake maana mimi ni mwanaume, alisema mkojo unamchoma, na usiku anatetemeka kwa homa. Siku sita hakumwambia mtu, kwa sababu mgongo ni kawaida. Dada yake alimpeleka kituoni jioni ile ile. Ilikuwa ambukizo la njia ya mkojo, limeanza kupanda kwenye figo. Ugonjwa huo nao unauma mgongoni, na ukiachwa unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Alilazwa siku mbili na kupewa dawa.

Kwa hiyo mama, usingoje siku ya kupima mimba, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku, kama maumivu ya mgongo yanakuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, kama unatoka damu au maji, una homa, mkojo unachoma, kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, au mtoto amepunguza kucheza. Vile vile kama miguu inaishiwa nguvu, unapata ganzi katikati ya mapaja, au huwezi kuzuia mkojo au choo. Hayo si kifandugu.

Mtoto wa mama yangu alizaliwa salama, na leo anasoma. Mama wa mwanafunzi wangu, hadi naandika, bado hajajifungua, anakalia vitenge vyake na kutukana joto. Baba wa nyumba alianza kuchota maji alfajiri, kabla watu hawajaamka. Wiki hii nimemwona foleni saa nne mchana. Binti amerudi darasani, amepitwa na sehemu zote, tunazifanya Jumamosi.