Umeacha Mukate, na Tumbo Lingali Linauma: Ufanye Nini?

Munganga alikupima damu, akakuambia: "Wewe uko na ugonjwa wa siliaki. Usikule ngano tena." Ulitii. Ukaacha mukate, mandazi, chapati na makaroni. Sasa majuma mawili ao matatu yamepita, lakini tumbo linajaa hewa, ao unahara bado, ao choo kimekuwa kigumu. Watu wa nyumbani wanasema: "Unaona, wamekudanganya. Kula tu mukate." Usiwasikilize mbio. Soma kwanza karatasi hii. Mara nyingi sababu inajulikana, na dawa yake ni kubadilisha jambo moja ndogo tu.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya ngano muko kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinafanya unga ya mukate ivutike sawa mupira. Kiko pia ndani ya shayiri (ile nafaka ya kutengeneza pombe ya chupa) na ndani ya nafaka ya Ulaya inayoitwa seigle.

Utumbo mwembamba uko na vidole vidogo sana ndani yake, sawa nyuzi za taulo. Vidole hivi ndivyo vinakamata chakula na kukiingiza katika damu. Kwa mutu wa siliaki, gluteni ikifika pale, askari wa mwili wanakosea: wanapiga utumbo wenyewe. Vidole vinaisha. Chakula kinapita bure. Mutu anahara, anakonda, anakosa damu. Mutoto hakomae, tumbo linavimba na matako yanakauka.

Munganga mumoja wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye alionyesha wazi kwamba ngano ndiyo inaleta shida. Katika njaa kubwa ya mwaka 1944-1945 mukate ulikosekana kwao, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mukate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Akaandika matokeo ya uchunguzi wake katika mwaka 1950.

Wengine wanasema ni ugonjwa wa wazungu. Hapana. Watu wa Sahara ya Magharibi, katika Afrika yetu, wanaugua sana: uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta karibu watoto 6 katika 100. Huku Kongo haiko ugonjwa wa watu wengi, na kuhara kwetu mara nyingi kunatoka katika maji machafu, amiba na minyoo. Kwa hiyo mutu asiache ngano kwa kukisia tu. Tena, ukiacha ngano mbele ya kupimwa, kipimo cha damu kinaweza kudanganya. Kupimwa kwanza, kuacha kisha.

KUPONA KUNAOMBA SIKU NGAPI?

Wengi wanaanza kusikia nafuu ya kuhara katika majuma 2 mpaka 4. Lakini vile vidole vya utumbo havioti tena kwa siku moja. Kwa watoto vinaomba miezi mingi. Kwa mutu mukubwa vinaweza kuomba miaka 2 ao kupita. Utumbo ni sawa shamba lililoungua: majani yanarudi pole pole. Kama kila juma unasikia nafuu kidogo, endelea. Kama hakuna nafuu hata kidogo, ao shida mupya imeingia, tafuta sababu katika mistari hii.

1. NGANO INAYOJIFICHA

Hii ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo inapita zingine zote. Kipande kimoja cha mukate kiko na gramu 2 hivi za gluteni. Lakini miligramu 50 tu kila siku zinaweza kuharibu utumbo. Maana yake: ukikata kile kipande mara 40, kasehemu kamoja tu kila siku kanatosha kukurudisha nyuma. Kwa hiyo usiseme: "Nimeonja tu."

Angalia pahali hapa:

- Mashini ya kusaga. Kule milimani, kwa mufano Lubero, watu wanalima ngano, na mashini moja inasaga ngano na mahindi. Unga yako inachanganyika. Ni heri kutwanga nyumbani katika kinu, ao kutafuta mashini isiyosaga ngano kamwe.
- Mafuta ya kukaangia. Ndizi na viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya mandazi vinabeba ngano.
- Unga ya uji ya kuchanganya. Zingine ni mahindi, mtama na soja tu. Hizo ni nzuri. Zingine ziko na ngano. Uliza muuzaji, soma mufuko. Kama hakuna maandishi, acha.
- Chakula cha musaada. Bulguru ni ngano. Biskwiti za musaada mara nyingi ni ngano. Unga ya mahindi na soja haina ngano.
- Supu ya hoteli na vipande vya kuunga supu. Wapishi wengine wanatia unga ya ngano kusudi supu iwe nzito.
- Pombe ya chupa. Inatengenezwa na shayiri.
- Vidonge. Vingine vimefungwa na unga ya ngano. Mwambie mwenye farmasi ugonjwa wako mbele ya kununua.
- Meza ya Bwana. Mukate wake ni ngano. Zungumza na padri ao pasta wako bila haya. Kwa Wakatoliki kuna hostia yenye gluteni kidogo sana, na mutu anaweza pia kupokea katika kikombe peke yake. Wasikuvunjie hostia ya kawaida ndani ya kikombe hicho.

Nyumbani, kisu cha mukate kisiingie katika karanga yako ya kusaga. Mutu aliyeshika unga ya ngano anawe mikono mbele ya kupika chakula chako.

2. MAZIWA

Vidole vya utumbo vilivyoharibika ndivyo vinatengeneza nguvu ya kuyeyusha sukari ya maziwa. Vikiisha, maziwa hayayeyuki: tumbo linanguruma, hewa inajaa, unahara saa moja ao mbili baada ya kunywa. Na watu wakubwa wengi wa Afrika, hata wazima, hawayeyushe maziwa vizuri.

Ufanye hivi: acha maziwa mabichi na ya unga kwa majuma 2. Kama tumbo linatulia, umepata sababu. Kisha anza tena na maziwa ya kuganda, kijiko kimoja, viwili, kwa sababu sukari yake imepungua. Fromaji ngumu, kama ile ya Masisi, mara nyingi haisumbue. Utumbo ukipona, wengi wanaweza tena kunywa maziwa kidogo.

Angalisho: mutoto anayenyonya asikatazwe ziwa la mama yake. Sheria hii haimuhusu.

3. CHOO KIGUMU

Wengine wanashangaa: mbele walihara, sasa wanakaa siku 4 bila kwenda choo. Sababu ni chakula. Mutu ameacha mukate, sasa asubuhi na mangaribi anakula bugali ya muhogo mweupe ao muchele tu. Vyakula hivi viko na nyuzi kidogo.

Dawa iko sokoni: sombe, lengalenga, maharagi, papai, avoka, mahindi yasiyokobolewa. Kunywa maji safi ya kutosha, vikombe 8 hivi kwa siku kwa mutu mukubwa. Tembea.

Jua pia kwamba vidonge vya chuma, vile vya kuongeza damu, vinaweza kufunga choo na kukifanya kiwe cheusi. Usiviache, uliza munganga kama anaweza kubadilisha ginsi ya kuvimeza. Lakini kama humezi chuma, na choo ni cheusi, kinanata na kunuka vibaya, ile ni damu. Kimbia hospitali.

4. MAHARAGI NA HEWA

Mutu aliyeacha mukate anaongeza maharagi na soja. Ni vizuri, lakini tumbo linaomba kuzoea. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mapya mpaka yalainike kabisa. Anza na vijiko 3 kwa siku, ongeza kila juma. Usikule sahani kubwa mara moja kwa siku. Kula kidogo mara 4 ao 5.

5. MUHOGO USIOTENGENEZWA VIZURI

Hapa tunaomba usikilize sana. Mutu wa siliaki wa kwetu anategemea muhogo kupita wengine. Muhogo wenyewe hauna gluteni, ni rafiki yake. Lakini muhogo muchungu uko na sumu. Ukila unga ya muhogo usioloweka vya kutosha, unaweza kusikia kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma. Utafikiri ni ugonjwa wako umerudi, kumbe ni sumu.

Na mutu anayekula hivi kila siku, bila maharagi, samaki ao nyama, anaweza kushikwa na konzo: miguu yote miwili inakosa nguvu na kukakamaa mbio, na haiponi tena. Munganga Trolli aliandika juu yake kule Kwango katika mwaka 1938, na ugonjwa huo ungali unalemaza mama na watoto katika inchi yetu, zaidi wakati wa njaa, watu wanapoharakisha muhogo.

Menya muhogo, loweka siku 3 ao 4 mpaka ulainike kabisa, mwaga maji, anika kwa jua mpaka ukauke, ndipo usage. Usipunguze siku juu wageni wamefika ao soko ni kesho. Na usikule bugali ya muhogo peke yake: changanya na unga ya mahindi ao mtama, na boga iwe na maharagi, sambaza ao mayai.

6. AMIBA, JIARDIA NA MINYOO

Kuwa na siliaki hakukatazi mutu kuwa na ugonjwa mwingine. Jiardia, kamdudu ka maji machafu, kanaleta kuhara na hewa sawasawa na siliaki. Leta choo kwenye laboratware. Usijinunulie dawa ya amiba sokoni kila mara tumbo linaponguruma: hutajua tena kitu gani kimekusaidia. Chemsha maji ya kunywa, nawa mikono na sabuni.

Munganga anaweza pia kutafuta kifua kikuu cha tumbo, ukimwi, ao magonjwa mengine ya utumbo. Asipokuta ngano inayojificha, ni lazima atafute mbali zaidi.

NAMNA YA KUTAFUTA SABABU

Chukua kidaftari. Kila siku andika: nilikula nini, nilikula wapi, nani alipika, choo kilikuwa namna gani, tumbo liliuma saa ngapi. Mutoto wa masomo anaweza kumuandikia mama. Baada ya majuma 2 utaona njia. Kama shida inakuja kila Siku ya Mungu baada ya kula kwa ndugu, jibu liko katika sufuria ya ndugu.

Badilisha jambo moja tu kwa mara moja. Ukiacha maziwa, maharagi na mayai siku ile ile, hutajua ni nani mukosaji, na utabaki na njaa bure. Mutu aliyekonda sana asianze kwa kujaza tumbo. Munganga amuonyeshe kipimo.

CHAKULA CHA SIKU MOJA

Asubuhi: uji wa mtama ao mahindi na karanga, papai.
Saa sita: bugali ya mahindi na muhogo, maharagi, sombe na mafuta ya mawese.
Saa kumi: ndizi, ao kiazi kitamu, ao avoka.
Mangaribi: muchele ao viazi, sambaza ao yai, lengalenga.

Unaona? Hakuna kitu cha duka la wazungu. Chakula cha babu zetu kinatosha, na mara nyingi bei yake inapita kwa uzuri bei ya mukate.

UKIHARA

Kunywa maji ya chumvi na sukari: litri 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kipimo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya choo.

KUJA MBIO HOSPITALI KAMA:

- damu iko katika choo;
- macho yameingia ndani, mukojo umepunguka, ao mutoto analegea na hanyonye;
- unatapika kila kitu;
- homa haitoke;
- unazidi kukonda hata kama unafuata sheria;
- miguu imevimba, ao imekuwa mizito na ya kukakamaa.

UKUMBUKE

Kuacha ngano kwa mugonjwa wa siliaki ni kwa maisha yote, hata siku ambayo tumbo limetulia. Wengi wanarudi kwa mukate siku hiyo, kwa sababu hawasikie maumivu tena. Lakini ndani utumbo unaanza kuungua, na damu inapunguka kimya kimya. Wazazi, waelezeni bibi na mwalimu wa masomo pia, kwa sababu biskwiti moja ya huruma kila siku inatosha kumzuiza mutoto kukomaa. Rudi upimwe damu na uzito baada ya miezi 6, na tena baada ya mwaka. Na kila mara unaporudi, leta kile kidaftari: kwa munganga, karatasi ile ni ya faida sawa na kipimo.