Soksi za Njano: Somo la Kwanza la Ndege Ufuoni Naivasha

Yangeyange amesimama kwenye maji ya kina kifupi, hatua kama ishirini kutoka tulipoketi. Ni mweupe pe. Mdomo mweusi, miguu myeusi. Anapeleka mguu mmoja mbele na kuutetemesha ndani ya tope. Maji yanachafuka, samaki wadogo wanatoka mafichoni kwa hofu, na shingo inafyatuka kama manati. Kisha anauinua ule mguu kutoka majini. Kijana niliyekuja naye, ambaye hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kushika darubini, ananivuta mkono wa koti.

"Mwalimu, huyu amevaa soksi!"

Kweli. Mguu mzima ni mweusi, ila vidole ni vya njano ya kung'aa.

Ndege huyo alikuwepo tangu tulipofika, na kijana alikuwa ameshamwandika daftarini: "ndege mweupe." Zikapita dakika arobaini kabla hajaziona zile soksi. Ningependa kila anayeanza kutazama ndege afike hapo mapema, pa kumwona ndege yuleyule mara ya pili. Majina yatakuja yenyewe baadaye.

Watu wakiniuliza waanzie wapi, huwajibu bila kusita: anzia ziwani. Msituni utasikia sauti kumi na usione hata unyoya. Ziwani ndege ni wakubwa, wako wazi, na wengi wao hupata riziki kwa kusimama mahali pamoja, kwa hiyo wanakupa nafasi ya kukosea na kutazama tena. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, idadi inayoweza kumkatisha tamaa mgeni. Asubuhi moja ufuoni hukuletea thelathini au arobaini, na kumi kati ya hao watakuwa wale wale kila ukirudi. Anza na hao kumi.

Mimi huwapeleka watu Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ziwa lipo kwenye kimo cha karibu mita 1,890, na maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka. Malewa na Gilgil humwaga maji yake humo, kisha maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Ndiyo maana kuna samaki, mafunjo na ndege wa kila namna, tofauti na maziwa ya magadi yaliyo jirani. Tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sehemu kubwa ya ufuo imefungwa na nyua za mashamba ya maua na hoteli, lakini Karagita na Kamere kuna fuo za umma ambako wavuvi hushusha samaki, na penye samaki pana ndege. Inaniuma kuona mtoto aliyezaliwa Karagita akikua akiamini kwamba kutazama ndege ni shughuli ya watalii. Ziwa liko mlangoni pake.

Kuhusu vifaa, usikimbilie duka. Safari ya kwanza azima darubini, au nenda bila. Ukiamua kununua, zitazame namba mbili zilizoandikwa juu yake, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza kitu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi pana huingiza mwanga mwingi zaidi, na asubuhi na mapema utauhitaji. Wengi hudhani 10 au 12 ni bora kuliko 8. Kadiri darubini inavyokuza, ndivyo inavyokuza pia mtetemo wa mikono yako na kubana eneo unaloliona, na ndege akiruka humpati tena. Nane inamtosha anayeanza, na inawatosha wengi waliobobea.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji huwa hawalielezi. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione wazi. Sasa fumba la kushoto, lakini gurudumu usiliguse. Zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye kioo cha kulia mpaka nalo lione wazi. Macho ya mtu mara nyingi hayalingani, na pete hiyo ndiyo inayoyapatanisha. Watu wengi walionilalamikia kwamba darubini inawaumiza kichwa walikuwa hawajawahi kuigusa. Na ukimwona ndege, usiyaondoe macho kwake ili uitazame darubini. Yaache palepale kwake, uipandishe darubini hadi usoni.

Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uvae sweta. Mchana upepo huinuka, maji yakaanza kurukaruka, na kila kitu kikacheza ndani ya lenzi. Ukiwa ufuo wa mashariki, jua la asubuhi liko mgongoni mwako na rangi zinajitokeza. Ukiwa upande wa pili utaona vivuli vyeusi tu.

Viboko ni habari ya maisha na kifo. Hutoka usiku kula nyasi na kurudi majini karibu na alfajiri. Usisimame kati ya kiboko na maji, usiingie kwenye mapito yao ndani ya mafunjo, na kabla ya kuchagua pa kuketi waulize wavuvi. Wakisema upande ule hapana, ni hapana.

Ukishaketi, usome ufuo kwanza. Ziwa limepangwa kama soko: kila mmoja ana mahali pake, na urefu wa mguu na umbo la mdomo ndivyo vinavyoamua. Kwenye nyasi fupi utawaona kwarara wakidunga ardhi kwa midomo iliyopinda, na bata bukini wawili wawili wakizozana na majirani. Kwenye tope kavukavu wapo vitwitwi wakikimbia na kusimama, wakikimbia na kusimama. Maji ya kifundo ni ya yangeyange. Mbele kidogo amesimama korongo wa kijivu, na mbele yake, kwenye kina ambacho wengine wangelowa tumbo, yupo yule mkubwa kuliko jamii yake yote, mwenye kimo cha mita moja na nusu na shingo ya rangi ya kutu. Domomwiko hupitisha mdomo wake bapa majini kulia na kushoto kama anayefyeka. Hahitaji kumwona samaki, humgusa tu. Kwenye maji mapana ni zamu ya mwari na mnandi. Ukijua nani husimama wapi, umeshapunguza kazi ya kutambua kwa nusu kabla ya kutazama rangi.

Turudi kwa ndege weupe, maana hapo ndipo wanaoanza hukwama, na hapo ndipo wanaponolewa. Mwenye soksi za njano ni yangeyange mdogo. Yupo mwingine mweupe, mrefu karibu kama korongo wa kijivu, mwenye vidole vyeusi, na shingo iliyopinda kama bomba lililokunjwa vibaya. Huyo mtazame pembe ya mdomo: mstari wake unapita chini ya jicho na kuishia nyuma yake. Usitegemee rangi ya mdomo peke yake, kwa kuwa huwa wa njano, na wakati wa kuzaliana hugeuka mweusi. Wa tatu ni mfupi, shingo nene, mdomo wa njano, naye humkuti sana majini. Yuko nyuma ya ng'ombe au nyati, akidaka panzi wanaorushwa na kwato. Ndege watatu ambao saa moja kabla walikuwa "ndege mweupe". Mara ya kwanza nilipowatenganisha mwenyewe, bila kuulizwa na bila kuambiwa, nilitembea kwa furaha siku nzima.

Mdiria mweusi na mweupe naye ana fumbo lake. Utamwona akisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kikiwa hakitikisiki hata kidogo, mdomo ukielekea chini. Kisha hudondoka kama jiwe. Kwa kuwa anaweza kuwinda bila tawi la kusimamia, huenda mbali na ufuo kuliko wenzake. Akirudi kutua kwenye kamba ya mtumbwi, mtazame kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu, tena uliokatika katikati. Ni ndege wachache wanaompa mgeni zawadi rahisi namna hiyo.

Sauti utakayoondoka nayo ni ya furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe. Huitupa shingo nyuma na kupiga ukelele unaovuka ziwa, na mara nyingi mwenzake humjibu. Sauti ya dume ni nyembamba zaidi. Muda mwingi wa mchana hukaa tu mtini. Maji ya Naivasha yamepanda sana miaka ya karibuni na kuizamisha migunga ya ufuoni, na ile iliyokauka imesimama majini kama nguzo, furukombe juu yake, na viota vya mnandi vimejazana kwenye matawi. Ukiona tai mwingine mwenye umbo lilelile lakini ana madoadoa ya kahawia, huyo ni kinda aliyekua. Humchukua miaka minne au mitano kuvaa nguo za wakubwa.

Ukikodi boti, vaa jaketi la kuokolea hata kama wengine wote hawajavaa. Nahodha anaweza kupiga mluzi na kurusha samaki aliyetiwa kipande cha bua la mafunjo ili aelee, furukombe ashuke mpate picha. Naelewa kwamba ni riziki yake, na watalii ndio wanaoidai. Hata hivyo mimi humwomba kwa heshima, "Kaka, leo usirushe," na kumlipa kama kawaida. Nataka mgeni wangu aone tai akijiamulia mwenyewe, hata tukisubiri asubuhi nzima na asishuke.

Mwambie nahodha apunguze mwendo penye majani yanayoelea, kwa sababu huko anaishi jakana. Ni ndege wa rangi ya kahawia, kipaji cha samawati, na vidole virefu kupita kiasi vinavyousambaza uzito wake juu ya jani lisizame. Kwake malezi ni kazi ya baba: jike hutaga kwa madume kadhaa, na kila dume huatamia na kulea. Wakati mmoja nilimwona jakana akitembea huku miguu midogo minane ikining'inia chini ya mabawa yake. Nilihesabu mara mbili. Alikuwa amewabeba makinda wanne kwapani, akiwapeleka mbali na mtumbwi wetu. Tulirudi nyuma mara moja.

Jakana anafundisha pia historia ya ziwa. Mwaka 1970 waliletwa hapa kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Marekani, ili wavuliwe kwa biashara. Waliongezeka na kuyala mayungiyungi mpaka yakatoweka karibu ziwa zima. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaingia magugu maji kutoka Amerika ya Kusini, adui mkubwa wa wavuvi, na jakana akajifunza kutembea juu yake. Ukimtazama ndege kwa makini, unaanza kuuliza anasimama juu ya nini, na nani aliyekileta.

Kuhusu vitabu, kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe kinatosha maisha. Programu ya Merlin kwenye simu hutambua sauti na picha, nami huitumia. Ila andika kwanza daftarini: alisimama wapi, alifanya nini, mdomo, miguu, saa ngapi. Chora hata kama hujui kuchora. Ukianza na simu, itakupa jina na macho yako yatakuwa hayajafanya kazi. Na yatumie majina yetu. Yangeyange, mnandi, mwari, fundichuma yule ajengaye kiota kikubwa kama pipa: walioyataja kwanza walikuwa wametazama.

Ukitaka kuwa na wenzako, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, yaliyoasisiwa na Fleur Ng'weno katika miaka ya 1970, na mgeni hapewi mtihani. Kila Januari wanachama wake hushirikiana na Makumbusho ya Taifa kuhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na anayeanza hupangwa na mzoefu. Januari huchaguliwa kwa sababu ndege wahamiaji wa kaskazini wamejaa. Wengi hufika Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Kitwitwi mdogo kabisa kati yao ana uzito wa gramu 25 hivi, na alizaliwa kwenye nyanda za barafu za kaskazini mwa Urusi au Skandinavia.

Yule kijana wa soksi alihesabu nasi Januari iliyofuata. Kwenye kipande chake cha tope aliandika vitwitwi wadogo 63. Mwezi Mei tukarudi, tukaketi palepale. Tope lilikuwa lilelile, yangeyange alikuwepo, na vitwitwi hatukumwona hata mmoja. Akafunga daftari.

"Mwalimu, leo hakuna cha kuandika."

Nikamwambia alifungue tena. Akaandika "vitwitwi" na mbele yake sifuri, na chini yake tarehe na saa.