Maabara ndani ya kikasha: kipimo cha makohozi hufanyaje kazi?

Je, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Ukifika kliniki utapewa kikopo cha kuwekea makohozi. Wengi huuliza: makohozi hayo huenda wapi?

Tangu zamani mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo na kutafuta vijidudu vya kifua kikuu (TB) kwa darubini. Lakini vijidudu vikiwa vichache, darubini inaweza kuvikosa, hasa kwa watoto na kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa huambiwa hana TB, kumbe anayo.

Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kipimo kiitwacho GeneXpert. Makohozi huchanganywa na dawa maalum, huachwa dakika 15, kisha humiminwa katika kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani ya kikasha mna vyumba vidogo na njia nyembamba. Mashine husukuma majimaji toka chumba kimoja hadi kingine: huchuja vijidudu, huvisafisha, huvipasua na kutoa vinasaba vyake. Vinasaba hivyo hupashwa moto na kupozwa mara nyingi ili viongezeke hadi vionekane. Kazi yote hufanyika bila kuguswa na mkono, na jibu hutoka kwa muda usiozidi saa mbili. Pia mashine huonyesha kama vijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini, ili mgonjwa apewe dawa zinazomfaa tangu mwanzo.

Wewe ufanye nini?
- Toa makohozi kutoka ndani ya kifua, si mate. Mashine nzuri haiwezi kurekebisha sampuli mbaya.
- Koholea nje, penye hewa, mbali na watu. Funga kikopo vizuri.
- Rudi kuchukua majibu. Jibu lililobaki maabara halimponyi mtu.

Ukianza matibabu, usishangae kupimwa tena kwa darubini. Kikasha huweza kuonyesha hata vinasaba vya vijidudu vilivyokwisha kufa, hivyo hakitumiki kufuatilia maendeleo ya mgonjwa.

Wapo wanaoficha kikohozi wakihofu kukosa safari ya kuhamia nchi ya tatu. Ni kweli TB ya mapafu huweza kuchelewesha safari, kwa sababu mtu hutibiwa kwanza. Lakini kuficha hakusaidii: ugonjwa utaonekana kwenye uchunguzi wa safari, na wakati huo huenda umekwisha kuwaambukiza watoto wako.

TB si uchawi wala si aibu. Inatibika, na dawa hutolewa bure. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Usiyakatishe hata ukijisikia nafuu.

Unakohoa? Nenda kapime leo, na umpeleke jirani yako.