Sasisha: Neno Moja, Kazi Mbili

Kitenzi sasisha kimejengwa kwa neno sasa na kiambishi cha kusababisha, -isha. Maana yake ni kufanya kitu kiwe cha wakati huu. Umbo lake halina kasoro, nalo limeenea katika lugha ya kompyuta. Lakini katika miongozo ya apt, yaani programu ya kuweka programu nyingine kwa amri za maandishi katika mifumo ya Debian na Ubuntu, neno hili hubebeshwa mizigo miwili.

Amri ya kwanza, apt update, haibadilishi programu hata moja: huleta tu orodha mpya ya vifurushi vilivyomo ghalani. Amri ya pili, apt upgrade, ndiyo inayovipakua vifurushi vyenyewe na kuviweka mahali pa vile vya zamani. Mfano wake ni mwenye duka wa Kiseke, jijini Mwanza, anayemtuma kijana soko la Mwaloni, Kirumba, aulizie dagaa. Kijana akirudi na habari, dagaa wenyewe bado hawajafika dukani. Vivyo hivyo, mtu aliyesoma sasisha kwa amri zote mbili aweza kukomea kwenye ile ya kwanza, akidhani kompyuta yake imekingwa, kumbe nyufa za usalama zimo vile vile.

Kosa likitokea, yapasa kwanza kupambanua limetokea katika kazi ipi. Likiwa katika kuleta orodha, sababu huenda ikawa mtandao uliokatika, au anwani ya ghala la toleo la zamani lililokwisha hamishwa, au saa ya kompyuta. Sababu hii ya mwisho yastahili kuangaliwa. Orodha hutiwa sahihi na tarehe. Basi kompyuta ambayo betri ya saa yake imekufa, nayo ikarudi nyuma miaka kadhaa, huikataa orodha kwa kuwa siku yake haijafika. Mashine isiyoijua sasa haisasishiki. Dawa ni kurekebisha saa, kisha kurudia amri.

Likiwa katika kuweka vifurushi, mara nyingi huwapo kufuli, maana yake programu nyingine imeishika kazi hiyo. Yafaa kuingoja imalize, wala kufuli lisifutwe ovyo. Umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, amri dpkg --configure -a huendeleza usanidi ulioachwa njiani.

Amri hizi zenyewe hazitafsiriwi. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake, na hapo ndipo mfasiri aweza kumwokoa msomaji au kumpoteza. Kwa amri ya kwanza lafaa sasisha orodha. Kwa ya pili wengine hutumia boresha, lakini neno hilo laahidi ubora ambao toleo jipya huenda lisiwe nao. Pandisha toleo lataja kinachotendeka, wala halizidishi.