Kujifunza tuba: Pumzi kwanza, vali baadaye

KATIKA msafara wa harusi au gwaride la polisi, masikio ya wengi huvutwa na tarumbeta ndogo zenye sauti kali. Hata hivyo, ala inayoibeba bendi ni tuba, ile kubwa kuliko zote, yenye sauti nzito ya besi. Ikipigwa na asiyeimudu, bendi nzima hupwaya.

Tuba ilisajiliwa kwa hataza mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1835 na Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz. Nchini Tanzania hupatikana katika bendi za majeshi na katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa, hususan ya Kilutheri. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, ni busara mwanafunzi ajiunge kwanza na kikundi chenye ala na mwalimu kabla ya kufikiria kununua ya kwake. Watoto wadogo huweza kuanzia kwenye eufoniamu, ambayo ni nyepesi zaidi.

Kosa la wanafunzi wengi ni kukimbilia vali. Sauti ya tuba haitoki kwenye vali, bali huzaliwa na mtetemo wa midomo. Mwanafunzi hufumba midomo bila kuikaza, kisha hupuliza hadi itetemeke na kuvuma kama nyuki. Huanza bila ala, akafuatia na kipande cha kupulizia pekee, na mwisho huingia kwenye tuba yenyewe.

Jambo la pili ni pumzi. Bomba la tuba kubwa, likinyooshwa, hufikia takriban mita 5.5, hivyo huhitaji hewa nyingi inayotiririka bila kusukumwa kwa nguvu. Mwanafunzi akae wima, ashushe mabega, wala asivimbishe mashavu. Akihisi kizunguzungu, apumzike.

Hapo ndipo zamu ya vali inapofika. Kubonyeza vali hurefusha njia ya hewa, na sauti hushuka: ya kwanza kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, na ya tatu kwa toni moja na nusu. Lakini vali zile zile zikibonyezwa hutoa noti kadhaa tofauti, na midomo ndiyo huamua ipi isikike. Asiyeitawala midomo yake hubahatisha, na mara nyingi huishia kuikandamiza ala mdomoni ili kufikia noti za juu. Tabia hiyo huchosha midomo na ni vigumu kuiacha baadaye.

Kwa sababu hiyo, wiki za mwanzo hutumika kupiga noti moja moja ndefu, kwa sauti isiyoyumba. Dakika 20 za kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi pekee, kwani misuli ya midomo hujengeka polepole. Zoezi hilo halina mbwembwe, lakini ndilo humfanya mpigaji aaminiwe na bendi.