Nusu, Theluthi na Kijiti

Koboko, mji wa West Nile ulio karibu na pale inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ni mahali ambapo hisabu imo vinywani mwa watu tangu alfajiri. Kwani mchuuzi huweza kutaja bei kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili, akapokea shilingi za Uganda kwa huyu na faranga za Kongo kwa yule, na chenji asikosee. Walakini mtoto aliyekulia katika soko hilohilo, akiwekewa karatasi yenye sehemu mbili za kujumlisha, aghalabu hushikwa na bumbuazi.

Lawama hiyo si ya mtoto peke yake. Tangu 1997, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, madarasa yalifurika, na mwalimu aliyezungukwa na umati hana wasaa wa kumwuliza kila mmoja amefikiri nini. Tena, kwa mtaala wa 2007, mtoto husomeshwa kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, na katika la nne huanza kuvushwa kuingia Kiingereza, asijue kilichomshinda ni hisabu au ni maneno yake.

Hapo ndipo inapodhihiri faida ya mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, akaketi chini ya mwembe na mtoto mmoja wa jirani. Tuseme mtoto ameandika kuwa nusu na theluthi ni humusi mbili, kwa kuwa amejumlisha vya juu na vya juu, na vya chini na vya chini. Mwenye haraka angetia alama ya kosa akapita. Huyu husema, "Hebu nieleze, mdogo wangu, umefikaje hapa," kisha husikiliza pasi na kumkatiza. Akisha kusikia, huchora duara mchangani kwa kijiti. "Ulikuwa na nusu ya chapati, nami nikakuongeza theluthi. Sasa unazo humusi mbili. Je, umeongezewa au umenyang'anywa?" Mtoto hutazama, hunyamaza, kisha hucheka, kwani humusi mbili hazifiki hata hiyo nusu aliyoanza nayo. Ndipo wanapoigawa chapati mafungu sita: nusu ni matatu, theluthi ni mawili, jumla sudusi tano.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwapita takriban 98 katika kila 100 waliofundishwa darasani kwa kawaida. Na ingawa watafiti waliofuata walipata tofauti ndogo kuliko hiyo, faida yenyewe haikukanushwa. Wazee wetu waliosoma chuoni Kurani hawatastaajabu, maana kila mtoto alikuja na ubao wake mbele ya mwalimu, akasoma darasa lake mwenyewe, na hakuvuka mpaka alipolimudu.

Hatari ya ufundishaji huu ni huruma: mwalimu, akiona taabu ya mtoto, huchukua kalamu akamfanyia. Mwenye busara huizuia mikono yake. Hufuta duara, akauliza robo na theluthi ni ngapi, akanyamaza.

"Sijui bado," asema mtoto, "lakini lazima izidi theluthi." Kisha huomba kijiti.